Kuchagua Hema la Kambi ya Mawindo



Kenya ilikataza uwindaji mwaka 1977, lakini ng'ambo ya mpaka, katika nchi ya Tanzania, kambi za wawindaji zingali zikipigwa, nazo hutaka hema la turubai lenye kuta za wima, ambalo mtu aweza kusimama ndani yake bila kuinama.

Wanunuzi wengi hutazama ukubwa. Nami nilifanya hivyo, nikatoa fedha nyingi, na usiku wa mvua ya kwanza tulikesha tumeketi, blanketi zikichuruzika maji.

Kwanza tazameni kitambaa. Turubai la pamba, la aunsi 10 au 12 kwa kila yadi ya mraba, hupitisha hewa, na nyuzi zake zikilowa huvimba zikaziba matundu. Kwa sababu hiyo hema jipya lisimamishwe nyumbani, limwagiwe maji mpaka lilowe kabisa, likauke, kisha lirudiwe tena kabla ya safari. Mimi sikujua jambo hilo. Maji yalipita katika tundu za sindano, mshono kwa mshono.

Mishono na iwe ya nyuzi mbili. Paa la pili si anasa: huzuia jua la mchana, mradi lisigusane na lile la chini.

Vigingi vya chuma vyafaa, hasa penye ardhi ngumu.

Adui mkubwa ni koga. Mkilazimika kulikunja hema likiwa bichi, lianikeni mara mfikapo, hata kabla ya kuchemsha chai.