Jaza Ulichopokea, Si Ulichoandikiwa

Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa wafanyakazi, Kisii

Ushuru wa mshahara husimamiwa na KRA, si kaunti. Hata hivyo, wengi hutuuliza: nifanye nini fomu ya P9 isipolingana na mshahara wangu?

Tuchukue mfano. Mwalimu wa shule ya kibinafsi analipwa shilingi 30,000 kwa mwezi: 24,000 kupitia benki, 6,000 mkononi. P9 yake inaonyesha 24,000 pekee. Kiasi hicho hakikuchaguliwa ovyo. Asilimia 10 ya 24,000 ni 2,400, na nafuu ya ushuru ya kila mwezi ni 2,400. Ushuru unakuwa sufuri.

Mwalimu anaweza kudhani amefaidika. La! NSSF hutoza asilimia 6 ya mshahara, na mwajiri huongeza asilimia 6. Kwa zile 6,000 zilizofichwa, akiba yake inapungua kwa shilingi 720 kila mwezi, yaani 8,640 kwa mwaka. Hayo ni malipo yake ya uzeeni.

Basi fanyeni hivi. Hifadhini slipu za mshahara, taarifa za benki na ujumbe wa M-Pesa. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa haki ya kupata slipu. Mwombe mwajiri, kwa maandishi, arekebishe P9. Akikataa, peleka ushahidi katika ofisi ya KRA kabla ya kujaza ritani, kisha jaza mapato uliyopokea kweli. Ritani ina PIN yako. Ukweli wake ni jukumu lako.

Wengine wana tatizo la kinyume: P9 inasema 30,000, mkononi wanapata 20,000. Hapo kuna deni la mshahara pia. Nenda ofisi ya leba. Usichelewe, kwani madai ya ajira yana kikomo cha miaka 3.

Najua hofu iliyopo ni kufutwa kazi. Sheria hiyohiyo inasema kumlalamikia mwajiri si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi.

Mwisho, mzozo na mwajiri hauahirishi tarehe. Ritani hufungwa Juni 30. Faini ya kuchelewa ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, kutegemea kilicho kikubwa.