Utafiti wa Mitetemo na Ukingo wa Bara la Afrika Mashariki: Picha Bila Kasi Haitoshi



Wengi wetu humu tumeshaona picha za mitetemo za bahari ya kina kirefu nje ya Lindi na Mtwara: mistari myeusi na myeupe, mashapo manene yaliyoletwa na Rufiji na Ruvuma, mipasuko inayoyakata. Picha hizo ndizo zilizowaongoza wachimbaji kwenye gesi ya kina kirefu kuanzia mwaka 2010. Hoja yangu ni kwamba hazitoshi kutuonyesha ganda lililo chini ya mashapo hayo ni la bara au la bahari. Na jambo hilo haliwahusu wanataaluma peke yao. Ganda la bara lina urani, thoriamu na potasiamu nyingi kuliko la bahari, na madini hayo hutoa joto. Ukikosea aina ya ganda, umekosea hesabu ya joto, na hapo hujui tena kama mwamba mama uliiva ukatoa mafuta, ukatoa gesi, au uliungua.

Tuanze na namna picha inavyopatikana. Meli huvuta bunduki za hewa zinazofyatua hewa iliyoshindiliwa, na nyuma yake kebo ya haidrofoni yenye urefu wa kilomita 8 au 10. Mwangwi unaorudi hupimwa kwa sekunde, wala si kwa mita. Abiria wawili wakikuambia wametumia saa tatu na nusu kutoka Dar es Salaam, wa basi huenda ndiyo kwanza anafika Morogoro, na wa treni ya umeme yuko Dodoma. Bila kasi, muda haukupi kina. Kebo inatupatia kasi ya tabaka za juu. Kwa ganda lenyewe ni fupi mno.

Ndiyo maana tunahitaji vipimatetemeko vinavyotuama kwenye sakafu ya bahari huku meli ikifyatua kwenye mstari wa kilomita 200 au zaidi. Mawimbi huzama, yakapinda, mengine yakasafiri sambamba na Moho, mpaka kati ya ganda na mantili, ndipo yakarudi juu. Muda wa kufika kwake hutupatia kasi ya kila tabaka. Ganda la juu la bara huwa karibu kilomita 6 kwa sekunde; sehemu ya chini ya ganda la bahari huanzia 6.7 hadi 7.2, na mantili ambayo hayajabadilika ni kama 8.

Tatizo liko katikati, kati ya 7.2 na 7.7. Kasi hiyo inaweza kuwa ya magma iliyoganda chini ya ganda wakati bara linapasuka. Inaweza pia kuwa ya mantili yaliyopenyezwa na maji ya bahari yakageuka serpentini. Habari mbili zinazopingana kabisa: moja ni ya magma tele, nyingine ya magma haba, na namba ni ileile! Magharibi mwa Hispania, mbele ya pwani ya Galicia, mradi wa kimataifa wa uchimbaji baharini ulitoboa mwaka 1985 ukakuta peridotiti iliyogeuka serpentini. Mantili yenyewe yalikuwa yamevutwa hadi sakafuni mwa bahari. Tangu hapo mtu makini hatamki aina ya mwamba kwa kutazama kasi peke yake. Hulinganisha na mvutano wa graviti, usumaku, na sampuli zikipatikana.

Kwetu ugomvi mkubwa ni Mgongo wa Davie, mwinuko wa chini ya bahari kati ya Afrika na Madagaska. Mwaka 1983 Rabinowitz, Coffin na Falvey walitumia mistari ya usumaku wa sakafu ya bahari kuonyesha kwamba Madagaska ilitoka upande wa Kenya na Somalia ikateremka kusini, na mgongo huo ukachukuliwa kuwa reli ya safari hiyo. Mwaka 2016 Klimke na Franke, wakitumia mistari ya mitetemo, waliandika kwamba hawauoni ushahidi wa ukanda wa mpasuko wa Davie mbele ya kaskazini mwa Msumbiji, Tanzania na Kenya. Wengine hawakukubali. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinasoma picha ambayo sehemu yake ya chini ina ukungu, na mistari ya vipimatetemeko vya sakafuni bado ni michache mno kuziamua.

Nchi kavu tumewahi kufanya vizuri zaidi. Mradi wa mitetemo wa KRISP wa mwaka 1990 ulilipua baruti katika maziwa ya Bonde la Ufa nchini Kenya, ukaonyesha ganda la takriban kilomita 35 chini ya Naivasha, na 20 tu chini ya Turkana. Huo ni ufa ambao haujawa bahari. Ule uliokwisha kuwa bahari, mbele ya pwani yetu, tunaujua kidogo kuliko huo.

Ninaomba wanaoandaa mikataba ya utafiti wadai mambo mawili: rekodi zifike angalau sekunde 16, ili ganda lote lionekane, na kila kampeni kubwa iache vipimatetemeko sakafuni kwenye mstari mmoja unaovuka ukingo wote. Na mistari ya zamani, ambayo siri yake ya kibiashara imekwisha, ifunguliwe kwa wanafunzi wa vyuo vyetu waisome upya kabla hatujaita meli nyingine.