Doegi Alipotoa Habari

Somo: 1 Samweli, sura ya 21 na ya 22

Tunasema nanyi kutoka Mata, karibu na Ziwa Jipe, ambako tukitazama ng'ambo tunaiona milima ya Upare.

Leo tumfikirie mtu asiyetajwa sana mimbarani, Doegi Mwedomi. Daudi alipomkimbia Mfalme Sauli alifika Nobu akiwa na njaa, na kuhani Ahimeleki akampa mkate. Doegi alikuwapo, akaona. Baadaye akamweleza Sauli. Habari ya mkate ilikuwa kweli. Lakini Doegi hakueleza kwamba Ahimeleki alidhani Daudi ametumwa na mfalme. Kwa habari hiyo nusu makuhani 85 waliuawa siku moja, na mji wa Nobu ukaangamizwa, hata watoto wanyonyao.

Sisi wa Taita na Taveta tunaijua Nobu yetu. Mwaka 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliteka kituo cha Waingereza kule Kasigau. Waingereza wakawashuku wenyeji kwamba wamempa adui habari. Vijiji vikachomwa moto, watu wakahamishwa hadi Malindi. Wengi walifia huko, na waliobaki walikaa miaka mingi kabla ya kurudi mlimani kwao.

Zamani habari ilihitaji mtu wa kuipeleka kwa miguu. Leo yatosha kidole kimoja. Katika vita vya Tigray, Ethiopia, vilivyoanza Novemba 2020, maneno ya chuki yalienea katika Facebook. Desemba 2022 kesi ilifunguliwa Nairobi dhidi ya kampuni yenye mtandao huo. Mmoja wa walalamikaji alisema baba yake, profesa, aliuawa baada ya jina na picha yake kutangazwa humo.

Tena Januari 2022 iligunduliwa kwamba wezi wa kompyuta waliingia katika kumbukumbu za Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, wakafikia habari za watu zaidi ya 515,000, wakiwamo waliopotezana na jamaa zao kwa sababu ya vita. Na Februari 2024, vita vikiendelea Sudan, mitandao ilizimika karibu nchi nzima. Mama aliyetegemea pesa za simu alikuwa na fedha, lakini hakuweza kununua chakula. Oktoba 2024 mataifa yalikutana Geneva katika mkutano wa Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu, yakakubaliana kwamba raia walindwe na madhara ya namna hii wakati wa vita. Ni jambo jema. Lakini azimio la Geneva haliwezi kukizuia kidole chako wewe, wala chetu sisi.

Tunasema hivi tukiwa na deni. Mapema mwaka 2008, nchi yetu ilipokuwa ikiwaka baada ya uchaguzi, tulikuwa vijana. Ujumbe uliingia katika simu yetu ukisema watu wa kabila fulani wanajipanga usiku. Hatukuuliza. Tuliupeleka kwa wenzetu watano, tukijiona tunawasaidia. Ulikuwa uongo. Jirani yetu, fundi cherehani wa kabila hilo, aliondoka na watoto wake kabla ya kupambazuka. Aliporudi baada ya miezi miwili alitupa mkono kanisani, nasi tukaupokea tukanyamaza. Ilitupasa kuwa wachungaji, na kuhubiri juu ya Doegi, ndipo tukaenda kwake kukiri. Alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Mchungaji, watoto wangu walilala porini." Akatusamehe, lakini hakusema kwamba ni jambo dogo.

Ndugu msikilizaji, mtazame Daudi. Abiathari, mwana wa Ahimeleki, alipomkimbilia na habari za Nobu, Daudi hakumtupia Doegi lawama yote. Alikiri kwamba siku ile alimwona Doegi na alijua atasema. Akajihesabia damu ya jamaa ile. Kisha akamwambia Abiathari akae kwake salama. Alikiri kwanza, kisha akatoa ulinzi.

Basi ujumbe ukiingia leo, wenye picha ya mtu au jina la kijiji, uuweke chini kwanza. Uliza: ni kweli? Ni kweli yote, au ni nusu kama ile ya Doegi? Ukifika mikononi mwa mwenye silaha, nani atalala porini? Wazazi, wafundisheni watoto maswali haya, maana wao ndio wenye simu. Na kama ulikwisha kuutuma, yuko mtu wa kumwendea. Usingoje miaka kama sisi.

Tuombe. Ee Bwana, uliyesikia kilio cha Nobu na cha Kasigau, walinde wote ambao leo majina yao yanapita katika mikono ya wenye hasira. Ututakase midomo na vidole vyetu. Utupe ujasiri wa kukiri, na nyumba zetu ziwe mahali pa salama kwa anayekimbia. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.