Kushoto kwa Nani? Namna ya Kutaja Mahali Mnyama Anapoumwa

Leo tuzungumze juu ya kutaja sehemu za mwili wa mnyama. Utasema, hilo nalo ni somo? Naam, ni somo. Hapa Iguguno, katika Wilaya ya Mkalama, mashamba mengi ya alizeti na mtama hulimwa kwa plau. Mvua za kwanza zikinyesha, maksai mmoja akiugua, plau nzima imesimama.

Chukua mfano huu. Maksai wako amevimba tumbo. Bwana mifugo yuko mbali, nawe unampigia simu: "Amevimba upande wa kulia." Je, ni kulia kwako wewe au kulia kwa maksai? Mkitazamana, kulia kwako ni kushoto kwake.

Jambo hili si dogo. Tumbo la ng'ombe lina sehemu nne, na ile kubwa kuliko zote imelala upande wake wa kushoto. Gesi ikijaa humo, kile kishimo kilicho nyuma ya ubavu wa mwisho na mbele ya mfupa wa nyonga huinuka, upande wa kushoto. Mambo yakizidi, mtaalamu hutoboa papo hapo kushoto ili gesi itoke. Upande wa kulia kuna ini na sehemu kubwa ya utumbo. Gesi hiyo inaweza kuua kwa saa chache tu, kwa hiyo hakuna nafasi ya kuulizana mara mbili.

Basi kanuni ya kwanza ni hii: kushoto na kulia ni kwa mnyama mwenyewe. Simama nyuma yake, mbali na mateke, utazame anakotazama. Kushoto kwako sasa ni kushoto kwake.

Kanuni ya pili: mgawe mnyama mara tatu kwa mawazo. Mstari wa kutoka pua hadi mkia unatenga kushoto na kulia. Kilicho karibu na mstari huo tunasema kiko upande wa ndani, kilicho mbali nao kiko upande wa nje. Mstari wa kukata kiwiliwili katikati unatenga mbele, kwenye kichwa, na nyuma, kwenye mkia. Mstari wa tatu unatenga juu, yaani mgongo, na chini, yaani tumbo. Angalia hapa: mtu akisimama, tumbo lake liko mbele, la ng'ombe liko chini.

Kanuni ya tatu: taja kiungo chenyewe. Kile tunachokiita goti la mguu wa mbele, kwa mifupa yake ni kifundo cha mkono. Kiwiko kiko juu zaidi, karibu na kifua. Mguu wa nyuma nao, kile kinachochongoka kuelekea nyuma ni kisigino. Goti la kweli liko juu, karibu na tumbo. Usipokuwa na hakika ya jina, sema "kiungo cha pili kutoka kwato" au cha tatu, utaeleweka.

Kanuni ya nne: eleza mwendo. Je, anakunja mguu? Anaunyoosha? Anautupa nje anapotembea? Akiumwa mguu wa mbele, mara nyingi huinua kichwa mguu huo unapokanyaga.

Ukiona uvimbe, taja mahali pake barabara. Tezi ya chini ya sikio au ya mbele ya bega ikivimba, mtaalamu atafikiria ndigana kali, inayoletwa na kupe. Uvimbe wa paja au bega unaotoa mlio ukibonyezwa utamfanya afikirie chambavu.

Kwa hiyo ukipiga simu sema hivi: "Ni maksai. Mguu wa mbele wa kulia, upande wa nje, juu kidogo ya goti. Hataki kuukunja, tangu jana jioni." Hapo bwana mifugo atajua abebe dawa gani kabla hajapanda pikipiki.

Wafundisheni na watoto wanaochunga, maana wao ndio wa kwanza kuona.