Tangazo Linapomfundisha Binti Kujidharau



Mazungumzo yangu yanahusu jambo ambalo wengi wetu hulitazama kila siku bila ya kulitafakari, nalo ni jinsi matangazo ya biashara yanavyomchora mwanamke. Wako wasemao kwamba tangazo ni tangazo tu, asiyetaka asinunue. Mimi sikubaliani nao, na nitatoa mfano mmoja kutoka India.

Mwaka 1975 kampuni ya Hindustan Lever, iliyo chini ya Unilever, ilianza kuuza huko India krimu ya uso iitwayo Fair & Lovely, yaani mweupe na mwenye kupendeza. Jina lenyewe lilikuwa mahubiri. Mwanzoni mwa karne hii televisheni za nchi hiyo zilionyesha tangazo lake moja lililojulikana sana. Baba mwenye shida ya fedha anasikitika kwamba hakujaliwa mtoto wa kiume wa kumtunza. Binti yake, mwenye ngozi nyeusi, anayasikia maneno hayo na kuumia. Anapaka krimu, anageuka mweupe, anapata kazi ya kuhudumia abiria katika ndege, na baba anafurahi.

Ndugu zangu, hebu tulichambue tangazo hilo kama mwalimu achambuavyo insha. Matatizo yaliyomo ni ya kweli: umaskini wa familia, shida ya kazi, na desturi ya kumthamini mtoto wa kiume kuliko wa kike. Lakini dawa iliyotolewa haigusi hata moja kati ya hayo. Desturi haikulaumiwa, wala mwajiri achaguaye watu kwa rangi hakuulizwa neno. Kosa lote limehamishiwa kwenye ngozi ya binti. Hiyo ndiyo hila yenyewe: kwanza humtia mwanamke aibu, kisha humwuzia dawa ya aibu hiyo.

Wanawake wa India hawakunyamaza. Jumuiya ya All India Democratic Women's Association ililipinga tangazo hilo, na mwaka 2003 likaondolewa. Hata hivyo krimu iliendelea kuuzwa. Mwaka 2020, dunia ilipokuwa ikipaza sauti dhidi ya ubaguzi wa rangi, jina lake lilibadilishwa likawa Glow & Lovely. Weupe ukatoka, mng'aro ukaingia, na kopo likabaki dukani.

Tusidhani kwamba hayo ni ya India peke yake. Hapa kwetu ni nani asiyelijua neno mkorogo? Baadhi ya krimu za kujichubua zina zebaki, ambayo hudhuru figo, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliagiza vipodozi vya namna hiyo vikomeshwe. Serikali yaweza kulipiga marufuku kopo. Aibu iliyokwisha kupandwa moyoni mwa binti haing'olewi kwa amri.

Kwa hiyo nawaomba walimu walichukue tangazo lolote la gazetini, walipeleke darasani, na kuwauliza wanafunzi maswali matatu. Je, linamwambia mwanamke ana kasoro gani? Nani amesema kuwa hiyo ni kasoro? Na nani anapata faida akiamini hivyo? Wavulana nao waulizwe, maana wao ndio baba na waajiri wa kesho.