Mlingoti Unaohesabu



Sisi watu wa Mgogoni, Pemba, safari ya Unguja kwetu ni chombo cha baharini, isipokuwa kwa mwenye nauli ya ndege. Ndiyo maana usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 hatuusahau. MV Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kuja Pemba. Idhini yake ilikuwa abiria 600 na ushei. Tume ya uchunguzi ikaja kusema walikuwamo zaidi ya 2,400.

Nauliza: nani aliwahesabu walipokuwa wakipanda?

Huko Marekani, katika uwanja wa ndege wa San José, mwaka 2010 ilitundikwa darini kazi ya sanaa iitwayo eCLOUD. Ni vibao vingi vinavyobadilika, mara vikionyesha kilicho nyuma yake, mara vikikificha, kwa kufuata takwimu za hali ya hewa. Msafiri anayesubiri ndege hutazama pambo, kumbe anasoma habari.

Nami nimejichorea langu, la bandari ya Malindi, Unguja, na mwenzake Mkoani. Sitaki sanamu ya mtu. Wazee wangu wangenuna, na wangekuwa na haki. Nataka mlingoti wa jahazi, umefungwa taa toka chini hadi juu. Kila anayevuka mlango wa gati ahesabiwe, na mwanga upande. Utepe mwekundu uoneshe mwisho wa idhini ya chombo kilichopo gatini siku hiyo. Mwanga ukifika hapo, wameona wote: nahodha, askari, na bibi mwenye kikapu chake.

Vihesabiwe vichwa, si tiketi. Mtoto wa mgongoni hana tiketi, lakini bahari haimuulizi. Mashine yaweza kumwona yeye na mamaye kuwa mtu mmoja, kwa hiyo asimame pia karani, macho yake kwa abiria na kidole chake kwenye kitufe. Umeme ukikatika, upakiaji usimame mpaka hesabu irudi.

Jirani yangu mmoja aliniuliza: "Sasa bwana, taa zitamzuia nani?"

Nikamjibu kwamba taa hazimzuii mtu. Wa kuzuia ni wale wenye mamlaka. Ila siku hiyo hapatakuwa na wa kusema hakujua. Na abiria mwenyewe, akiuona mwanga umevuka utepe, atarudi nyuma na mwanawe.

Majuto ni mjukuu. Hadi juma lijalo, inshallah, kwaherini.