Hogo Kutolewa Siyo Kupona

Mtu aliyepasuliwa mguu akitolewa hogo, nyumbani husemwa amepona. Kesho yake anakabidhiwa jembe. Hapo ndipo penye hatari.

Kano la kisigino hupata damu kidogo, hivyo likishonwa huweza kuchukua miezi 6 hadi 12 kurudia nguvu zake. Na huko Mbinga tambarare ni chache. Mashamba ya ngoro na kahawa ya Wamatengo yako miteremkoni, na kila hatua ya kupanda hulivuta kano. Kwa wavuvi wa Liuli na Mbamba Bay, kisigino huzama mchangani, na mtumbwi husukumwa kwa nguvu za miguu.

Kulala tu nako si dawa: kiungo hukakamaa na misuli husinyaa. Mgonjwa afanye mazoezi aliyoelekezwa hospitali, aanze na magongo, kisha njia tambarare. Mlima uwe wa mwisho. Shavu la mguu likivimba na kuuma, arudi hospitali mara moja.

Nanyi jamaa, msimwite mvivu. Mlimieni msimu mmoja. Kano likikatika tena, mtamlimia mingi zaidi.